Mdogo Wake Anapokaribia Kuzaliwa: Malezi ya Mtoto wa Mwaka 1 hadi Miaka 3 Wakati wa Ujauzito

Mwezi wa Januari, mvua zinapokuwa zimeshika katika vijiji vya Chamwino, kuanzia Haneti hadi Mvumi, uwele na mtama huanza kudai palizi. Katika majira hayo huonekana hali inayojulikana kwa kila mkazi: mama mwenye mimba ya miezi saba ameinama shambani, na kando yake, chini ya mti, mtoto wa miaka 2 analia akitaka kubebwa. Mama akimbeba, mgongo unauma na kazi inasimama. Akimwacha, mtoto anamfuata hadi kwenye jembe. Akimfokea, mtoto anazidi kumng'ang'ania. Jioni wote wawili wamechoka, na chakula bado hakijapikwa.

Makala hii inaeleza namna familia inavyoweza kumshughulisha mtoto huyo kwa furaha na usalama, pasipo kununua chochote, wakati mama anasubiri kujifungua. Jambo la msingi ni moja: mtoto mkubwa huandaliwa kabla mdogo wake hajazaliwa, na kazi ya kumwandaa si ya mama peke yake.

Mtoto aliyepokonywa nafasi

Wakazi wengi wanalifahamu neno kwashakoo, ambalo kwa Kiswahili sanifu ni unyafuzi: mtoto huvimba miguu na uso, nywele hubadilika rangi, naye hupoteza hamu ya kula na kucheza. Asili ya neno hilo ni somo tosha. Katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliwasikia akina mama wa Accra wakiutaja ugonjwa huo kwa jina la lugha yao. Mwaka 1935 aliandika juu yake katika jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, akieleza kwamba kwa wenyeji jina hilo lilimaanisha ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake aliyezaliwa.

Akina mama wale walikuwa wameona jambo la kweli. Mtoto aliyekuwa akinyonya, akibebwa mgongoni na kulala kando ya mama, huondolewa mambo hayo yote kwa mara moja mimba nyingine inapokuja. Chakula kinachofuata titi mara nyingi ni uji mwepesi au ugali usio na kitoweo cha maana, na aliyekuwa akimlisha kwa subira sasa amechoka. Hivyo mtoto hupungukiwa chakula na hupungukiwa mtu wa kumhudumia kwa wakati uleule. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa sababu hiyo, kumshughulisha mtoto mdogo wakati mama ni mjamzito si anasa, bali ni sehemu ya kulinda afya yake.

Kwa nini mtoto hung'ang'ania

Mtoto wa umri huu hajui mimba ni nini. Anachokiona ni kwamba mama hambebi kama zamani, huketi mara kwa mara, na hukataa kucheza. Kulia, kuuma, kurudia kukojoa kitandani au kudai titi aliloliacha ni namna yake ya kuuliza iwapo bado ana nafasi. Huo si ukaidi, wala si dalili ya kurogwa. Kumpiga humthibitishia hofu aliyonayo. Kumpa dakika chache za uangalizi kamili humtuliza.

Suala la kunyonya nalo lina imani nyingi. Wapo wanaosema kuwa maziwa ya mama mjamzito ni mabaya na kwamba mtoto anayeendelea kunyonya hubemendwa. Kwa hofu hiyo, baadhi ya akina mama huwaachisha watoto ghafla, siku ileile wanapogundua kuwa ni wajawazito. Ukweli ni kwamba mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu. Mama ambaye mimba yake haina tatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, na mtoto hushauriwa kunyonya hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, anayetokwa damu, au mwenye maumivu ya tumbo la chini apate kwanza ushauri wa mtoa huduma wa afya.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba maziwa hupungua mimba inapokua, na watoto wengine huacha wenyewe. Kwa hiyo sahani ya mtoto haina budi kuongezwa. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja anahitaji milo 3 hadi 4 kwa siku pamoja na asusa: uji mzito wa uwele au ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa laini, mlenda, kunde, dagaa, yai, maziwa na matunda ya msimu. Mama naye aongeze mlo wake na atumie vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Mtoto mwenye njaa hawezi kucheza, na mama mwenye upungufu wa damu hawezi kumvumilia.

Michezo ambayo mama huketi

Mama mjamzito hahitaji kukimbizana na mtoto. Anachohitaji ni michezo inayomfanya mtoto atembee na mama aketi. Mkeka ukitandikwa kivulini asubuhi, kabla jua halijawa kali, shughuli zifuatazo zinawezekana.

Kwanza, mchezo wa kuletewa. Mama hutaja kitu kimoja kilicho karibu, kama mwiko, kikombe, kandambili au jani la mti, naye mtoto hukileta. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutajiwa kitu kimoja. Wa miaka 3 hutajiwa viwili kwa mpigo. Mtoto hukimbia, hujifunza maneno, na hufurahi kupongezwa, huku mama akiwa hajanyanyuka.

Pili, kupanga na kubomoa. Magunzi ya mahindi, vikombe vya plastiki, makopo yasiyo na ncha kali na masufuria madogo hupangwa moja juu ya jingine, kisha huangushwa. Mtoto anaweza kurudia kazi hiyo mara 10 bila kuchoka, kwa sababu kila anapoangusha huona kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Tatu, udongo. Watoto wa nyanda hizi tangu zamani wamefinyanga ng'ombe, mbuzi na vyungu kwa udongo. Wa miaka 2 hataweza kufinyanga ng'ombe, lakini atafurahi kuuponda udongo, kuuviringisha na kuuchoma vidole. Baba au kaka akimfinyangia ng'ombe mmoja, mtoto atamchunga siku nzima.

Nne, ngoma. Ugogo ni nchi ya muziki; wanawake wake wanajulikana kwa ngoma za muheme. Kopo lililogeuzwa na kijiti kifupi vinatosha. Mama hupiga mapigo mawili, mtoto huyarudia. Mama huimba, mtoto hucheza. Kwa mtoto, kusikia sauti ya mama ni sehemu ya kubebwa.

Tano, mtoto wa bandia. Kitambaa kikifungwa vizuri au gunzi likivishwa khanga huwa mwanasesere. Mtoto humbeba mgongoni, humlaza, humlisha. Mchezo huu ni mazoezi ya yale atakayoyaona nyumbani baada ya muda mfupi, na wavulana wapewe nafasi yake sawa na wasichana.

Mtoto wa miaka 2 hudumu katika mchezo mmoja kwa dakika chache tu. Mama asitarajie saa nzima ya utulivu. Mpangilio unaofaa ni dakika 10 za kucheza pamoja naye kwanza, kisha kumwachia vifaa akiwa bado anaonekana. Mtoto aliyeshibishwa uangalizi hucheza mwenyewe kwa muda mrefu kuliko yule aliyefukuzwa.

Wapo watakaouliza kama michezo hiyo ya makopo ina maana yoyote. Jibu linapatikana nchini Jamaica. Katika miaka ya 1986 na 1987, jijini Kingston, wahudumu wa afya walianza kuwatembelea watoto waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Walichokifanya ni kuwaonyesha akina mama namna ya kuzungumza na kucheza na watoto wao kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto wale walipokuwa watu wazima, kipato chao kilizidi kwa takribani asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Kazi ndogo kwa mikono midogo

Mtoto wa umri huu hutamani kufanya kile anachofanya mama. Badala ya kumwondoa jikoni na kisimani, apewe sehemu yake. Anaweza kuchambua majani ya kunde, kumwaga punje kwa kuku, kubeba kikombe kitupu, kufua kitambaa chake katika beseni lenye maji kidogo mama akiwa kando, au kufagia kwa ufagio mfupi. Kazi haitakuwa safi, na pengine itachukua muda mrefu zaidi. Lakini mtoto anayeambiwa "asante, umenisaidia" hujiona ana nafasi katika nyumba, na nafasi hiyo ndiyo atakayoihitaji mdogo wake atakapofika.

Siku yenye mpangilio

Mtoto asiyejua saa hutambua mfuatano wa mambo. Familia ikiwa na mpangilio usiobadilika sana, vilio hupungua. Asubuhi ni uji na mchezo wa kukimbia wakati hali ya hewa bado ni ya ubaridi. Jua likipanda, ni michezo ya mkekani na kazi ndogo. Baada ya chakula cha mchana mtoto hulala, na huo ndio wakati ambao mama mjamzito anapaswa kulala pia. Vyombo vinaweza kusubiri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa mwaka 1 hadi 2 walale saa 11 hadi 14 katika siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo, na wawe katika mwendo kwa jumla ya dakika 180. Jioni, mifugo inaporudi, mtoto atembezwe na baba, babu au shangazi.

Simu ya mkononi isigeuzwe yaya. Shirika hilohilo linashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiangalie kabisa kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Picha humnyamazisha mtoto, lakini hazimjibu anapozungumza.

Usalama kwanza

Mtoto aliyeshughulishwa vizuri hupata ajali chache, lakini mama aliyechoka huweza kusinzia. Kwa hiyo mazingira yakaguliwe kabla ya mchezo kuanza.

Ndoo na beseni vifunikwe au vimwagwe, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache. Visima vinavyochimbwa katika mchanga wa mito vizungushiwe miiba, na mtoto asiachwe karibu na makorongo wakati wa mvua. Mafiga na jiko la mkaa viwe mahali asipofika. Mafuta ya taa na dawa za shambani visihifadhiwe katika chupa za soda wala za maji. Mbegu za mnyonyo, ambao kwingine huitwa mbarika na huota kando ya nyumba nyingi, zina sumu kali, hivyo zisitumike kama kete za mchezo.

Aidha, mtoto wa umri huu asipewe karanga nzima, ubuyu wenye mbegu, punje wala vizibo vya soda. Kitu chochote kinachoweza kuingia chote kinywani mwake kinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa.

Mkono mmoja haulei mwana

Methali hiyo inajulikana, lakini katika nyumba nyingi mkono unabaki mmoja. Mimba ni wakati wa kuitekeleza. Baba anaweza kuchukua jukumu moja la kudumu, kama kumwogesha mtoto jioni au kumlaza, miezi miwili kabla ya kujifungua. Mtoto akizoea kulazwa na baba mapema, hataona kuwa amefukuzwa kwa mama siku mtoto mchanga atakapofika. Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi inampa baba likizo ya siku zisizopungua 3 mke wake anapojifungua. Siku hizo zinafaa kutumika kwa mtoto mkubwa.

Bibi, shangazi na majirani nao wazoweshwe kukaa na mtoto kwa muda mfupi mfupi kabla ya wakati. Akina mama wa kitongoji kimoja wanaweza kupeana zamu: siku mbili mmoja analinda watoto chini ya mti, wengine wanapalilia, kisha wanabadilishana. Lakini dada mwenye umri wa kwenda shule asiachishwe masomo ili awe mlezi. Anaweza kucheza na mdogo wake baada ya masomo. Jukumu la ulinzi ni la mtu mzima.

Palipo na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, mzazi ahakikishe kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuulizwa. Mtoto aanze kwenda wiki kadhaa kabla ya mama kujifungua, isiwe wiki ileile, ili asione kuwa amepelekwa huko kwa sababu ya mtoto mchanga.

Miezi miwili ya mwisho

Zipo familia ambazo kwa mila hazizungumzii mimba waziwazi, na hilo halina ubaya. Inatosha mtoto kuwekewa mkono tumboni kwa mama na kuambiwa kuwa mtoto mdogo anakuja, na kwamba mwanzoni atakuwa akilala na kulia tu. Asiahidiwe mwenza wa kucheza naye kesho. Kamwe asitishwe kwa maneno kama "akija mwenzako utakoma". Mzaha huo humwingia.

Mabadiliko makubwa, kama kuachishwa titi au kuhamishiwa mkeka wake, yafanyike taratibu, miezi miwili au zaidi kabla ya kujifungua. Kama muda umepita, ni bora kusubiri hadi mtoto mchanga azoeleke nyumbani.

Mpango wa kujifungua unaoandaliwa kliniki uwe na mstari mmoja wa ziada: nani atakaa na mtoto mkubwa? Swali hili lina uzito, hasa kwa mama anayeishi mbali na kituo na anayeshauriwa kwenda mapema katika nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo wakazi wengi wa Dodoma huiita chigonella. Mama asiye na jibu huchelewa kuondoka nyumbani. Dalili za hatari hazisubiri mlezi apatikane: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, chupa kupasuka, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mlezi awe amejulikana, awe anakijua chakula cha mtoto, na ajue ilipo kadi ya kliniki.

Siku mama anaporudi, mtu mwingine ambebe mtoto mchanga hadi mlangoni, ili mikono ya mama iwe mitupu kwa ajili ya mkubwa. Hilo ni jambo dogo, lakini mtoto hulielewa bila kuelezwa.

Huduma zilizopo

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa jijini Dodoma Desemba 2021, inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Wakazi wanakumbushwa kutumia fursa zifuatazo.

Kliniki ya mama na mtoto: mjamzito ahudhurie mapema, ikiwezekana pamoja na mwenza wake, na ampeleke mtoto mkubwa kupimwa uzito na urefu siku hiyohiyo. Mwongozo wa sasa ni mahudhurio yasiyopungua 8 katika kila mimba.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji: hufanyika kila robo mwaka, watoto hupimwa hali ya lishe na wazazi hupewa mafunzo.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii: hutembelea kaya na anaweza kuonyesha michezo inayofaa umri wa mtoto.

Uzazi wa mpango: Shirika la Afya Duniani linashauri miezi isiyopungua 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Ushauri hutolewa katika zahanati na vituo vya afya.

Ulinzi wa mtoto: anayeona mtoto akitelekezwa au akifanyiwa ukatili apige simu 116, bila malipo, au atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kata.

Mvua zitakapokatika na mavuno kuanza, mama wa Januari atakuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kama familia ilijiandaa, yule wa miaka 2 hatakuwa akilia chini ya mti. Atakuwa uani na bibi yake, akiwamwagia kuku punje, akiwa na hakika kuwa nafasi yake haijachukuliwa na mtu.